Mfalme Aliyeruka Mapema

Kopo lilikuwa la majani ya chai, limeshika kutu kwenye pembe, na Eda alilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayekuletea bakuli la uji wa moto. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike baba yake, Lukasi, nyuma ya nyumba yao ya Ipogolo, Iringa, na wageni wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nilibaki kwa sababu basi langu la kurudi Mbeya lilikuwa la kesho yake, na kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika mahali popote. "Baba, marehemu alisema hili ni lako," Eda aliniambia. "Alisema ulichukue mwenyewe kwa mkono, lisipitie kwa dereva." Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria uani walicheka kidogo, maana hawakuona dereva anahusika vipi. Mimi sikucheka. Nilifungua kifuniko, nikaona vipande vya karatasi vilivyofungwa kwa uzi wa cherehani, na hata kabla sijaufungua ule uzi niliutambua mwandiko wangu wa ujana, herufi zimeinama mbele kama watu wanaopanda mlima.

Mwaka nilipoziandika karatasi hizo, katikati ya miaka ya hamsini, mimi na Lukasi tulikuwa makarani katika bohari moja ya serikali mjini Mbeya. Tulipanga chumba kimoja Ilomba, ambako wakati huo kulikuwa na migomba na mahindi mengi kuliko nyumba. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja la mbao, na meza ambayo mguu wake mmoja tuliuegemeza kwa tofali. Mimi Mnyakyusa nilipika ndizi na maharage. Yeye Mhehe alisonga ugali mgumu kiasi kwamba ungeweza kuuegemeza mguu wa meza badala ya tofali. Tulitaniana hivyo kila jioni. Juu ya meza hiyo tulichora ubao wa sataranji kwa kalamu ya risasi na wino, na kete zetu zilikuwa vifungo vya makoti na vigurudumu vya nyuzi tulivyopewa na fundi Jivan, mshonaji wa Kihindi aliyekaa barazani mwa duka la vitambaa kwenye barabara kuu. Kigurudumu kikubwa kilikuwa mfalme, cha pili waziri, vifungo vya makoti ya mvua vilikuwa tembo wa pembeni, halafu ngamia, farasi, na vifungo vidogo vya mashati vilikuwa askari.

Fundi Jivan ndiye aliyetufundisha sote wawili. Alifundisha akiwa na mkasi mkononi na sindano mbili mdomoni, na ubao wake, wa mbao halisi, ulikaa juu ya kigoda kando ya cherehani. Alicheza kwa kanuni alizorithi kwa baba yake, na kwa muda mrefu tulidhani dunia nzima inacheza hivyo. Askari wake hakuruka hatua mbili kamwe. Alikwenda moja moja. Na mfalme, kama hajawahi kutishwa, aliruhusiwa mara moja tu katika mchezo mzima kuruka kama farasi, kisha akatulia maisha yake yote. Ruko hilo moja ndilo lililonishinda. Kila mchezo, mara tu nilipoona ngamia wa mwenzangu amefunguliwa njia, hata kama bado yuko mbali, nilimrusha mfalme wangu pembeni nikavuta pumzi. Fundi alitikisa kichwa. "Ruka moja tu iko," aliniambia siku moja baada ya kunifunga kwa mara ya tatu. "Wewe tumia asubuhi. Jioni fanya nini?" Yeye alilitunza lake hadi mwisho, mpaka ukalisahau, na ulipodhani umemziba mfalme wake kila upande, akaruka.

Wakati huo nilikuwa nimefika pale ambapo wachezaji wengi hufika wakakaa. Niliwashinda makarani wote wa bohari, na mwalimu mmoja wa shule ya misheni, lakini kwa Lukasi nilishinda mara moja kati ya tano, na kwa fundi sikushinda kabisa. Nilijaribu kila njia. Fundi aliniamuru nikalie mikono yangu kabla ya kucheza, nami nilikaa juu yake mpaka vidole vikafa ganzi. Alinipa wiki tatu nzima za mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu, bila kingine ubaoni, mpaka nikaota vifungo. Niliporudi kwenye mchezo kamili niliona mbele zaidi kuliko zamani, lakini nilichokiona kiliniongezea hofu tu. Lukasi aliliona hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa akicheza huku akimenya viazi, haangalii ubao, ananiangalia mimi. "Asa," aliniita kwa jina, "mfalme wako anakimbia kabla hajaitwa. Ni kama wewe na mkubwa wa bohari." Kisha akakohoa. Wakati ule kikohozi chake kilikuwa sehemu ya chumba, kama tofali chini ya meza, na nasema kwa aibu kwamba hatukukishughulikia mpaka alipotema damu kwenye karatasi ya kufungia sukari.

Walimpeleka Iringa, kwao, kwenye hospitali moja yenye wodi ya kifua kikuu, ambako wagonjwa walikaa miezi mingi wakidungwa sindano na kulazwa barazani wapate hewa. Asubuhi ya kuondoka nilimbebea sanduku hadi kwenye basi. Hakuzungumzia ugonjwa. Alisema tucheze kwa barua, mchezo mmoja mrefu, na kwamba yeye ataanza. "Tukimaliza huu nitakuwa nimetoka," alisema, kisha akapanda. Nililichukua neno hilo kama ahadi, na baadaye, nilipokuwa peke yangu na vitanda viwili, niliona linaweza kusomwa kinyume: kwamba mchezo ukiisha mapema, kuna kitu kingine kitaisha nao.

Tuliandika hatua kwa namna ya bohari, kwa sababu ndiyo namna tuliyoijua. Bohari yetu ilikuwa na rafu zenye namba na visanduku vyenye namba, basi ubao nao tukaufanya rafu nane za visanduku vinane. "Farasi, rafu 3, kisanduku 6." Kila Jumanne nilimpa karatasi dereva wa basi la Iringa, Msangu mnene aitwaye Saidi, aliyeiweka ndani ya kofia yake. Jioni alisimamisha gari Ipogolo, chini ya mlima, akaiacha kwa Semeni, dada yake Lukasi, aliyeuza chai na maandazi kando ya barabara. Semeni aliipandisha mjini kesho yake pamoja na chakula cha mgonjwa. Ijumaa Saidi alirudi na jibu. Mwezi wa kwanza alivumilia; mwezi wa pili aliniuliza, mbele ya abiria wake, tangu lini serikali imeanza kuweka farasi kwenye rafu, na tembo wanakula nini humo. Abiria walicheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo alipotoa karatasi kofiani alisema, "Tembo wako huyu hapa, karani. Amelala njia nzima."

Hatua zangu kumi za kwanza nilizifikiria mwenyewe. Nilikuwa nimeanza vibaya, kama kawaida, na Lukasi alikuwa akinisogeza taratibu kama mtu anayefungia kuku bandani. Kila Ijumaa niliirudisha hatua yake kwenye meza yetu, nikaona mchezo unafupika. Ijumaa moja nilipita kwa fundi Jivan na kumpangia ubao, nikitaka, nilijiambia, maoni tu. Alitazama akiwa bado anashona. Kisha alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akanyoosha kidole, akamgusa ngamia wangu ambaye sikuwa nimemfikiria. Alinieleza kwa nini, na alipokwisha kueleza nilielewa kabisa, na kwa sababu nilielewa niliona kama ni wazo langu. Niliandika: "Ngamia, rafu 4, kisanduku 2." Wiki iliyofuata nilipita tena. Nilikwenda hivyo zaidi ya miezi mitatu. Kazini watu walisema nimekuwa mchezaji hasa, maana hata kwao nilianza kucheza kwa sauti ya fundi. Nilijitetea kwa namna mbili, na zote zilikuwa na ukweli kiasi: kwamba najifunza, na kwamba namrefushia Lukasi mchezo. Sikujiambia ya tatu, kwamba nilitaka siku moja, akiwa amelala kule na hawezi kuniona usoni, nimshinde.

Mara moja tu kidole cha fundi kilikosekana. Alishikwa na homa, duka likafungwa wiki nzima, nami nikamsogeza askari mmoja bila mpango, basi tu mkono uende. Alipopona alikunja uso kwa ajili ya askari yule, kisha akaendelea kujenga. Mwezi wa saba wa mchezo tembo wangu wawili walikuwa wamesimama kwenye njia zilizo wazi, na mfalme wangu alikuwa bado hajaruka.

Nilipata ruhusa ya siku nne nikaenda Iringa. Basi lilitoka alfajiri, likatupitisha kwenye baridi ya Makambako tukiwa tumejifunika magunia, na tuliposhuka Ipogolo vumbi lilikuwa limeniingia mpaka kwenye meno. Kesho yake Semeni alinipandisha hospitali. Wageni hawakuruhusiwa wodini. Tulisimama uani na Lukasi akaletwa barazani na dresa, msaidizi wa wodi, akakaa kitini, hatua kama nne kutoka kwangu. Alikuwa amebaki macho na viganja. Kwenye magoti yake alikuwa na kipande cha boksi kilichochorwa ubao, na juu yake kete za udongo alizofinyanga mwenyewe. Nilimpelekea ndizi mbivu. Alizipokea kupitia kwa dresa na kumtania kwamba hicho ndicho chakula kizima cha kabila letu. Tukazungumza habari za bohari. Halafu akaweka kidole juu ya mfalme wangu wa udongo. "Huyu bado hajaruka," alisema.

"Naungoja wakati wake," nikajibu. Lilikuwa neno la fundi, hata mwendo wake ulikuwa wa fundi.

Aliniuliza nilifikiria nini nilipomleta yule ngamia kisanduku cha pili. Nilianza kueleza, nikachanganya upande wa waziri na upande wa mfalme. Hakunisaidia. Alitazama mikaratusi iliyokuwa nyuma yangu kwa muda, mpaka dresa akaja kumwambia saa ya sindano imefika. "Umekua, Asa," alisema akiinuka, kwa upole kabisa, na hakugeuka tena alipokuwa anaingizwa ndani.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mlima, nilikaa chumbani kwa Semeni nikila ugali na mboga za maboga zilizoungwa kwa karanga. Jiko lake lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi, na alikuwa humo na jirani wakichambua maharage. Walizungumza Kihehe kikichanganyika na Kiswahili, bila kushusha sauti, labda wakidhani mimi Mnyakyusa sitaelewa. Jirani aliuliza kama mgonjwa anakula. Semeni alisema zamani, karatasi ilipofika, alikuwa anamaliza bakuli zima, anaisoma karatasi huku anacheka peke yake, anaiambia, we Asa we, umeogopa tena. Wodi nzima ilimjua Asa. Wagonjwa wenzake waliokufa walikufa wakimjua Asa. "Siku hizi anaisoma anaiweka," alisema. "Chakula narudi nacho. Nikamuuliza, kwani rafiki yako hakuandika? Akaniambia, ameandika, lakini ninayecheza naye siku hizi simjui." Jirani alisema labda ni homa inamchezea akili. Semeni alisema labda. Nilisikia maharage yakidondoka kwenye ungo, na nikaendelea kutafuna, kwa sababu kama ningeacha wangejua nimesikia.

Nilikuwa na siku moja zaidi Iringa. Ningeweza kupanda tena mlima na kusema. Ninaandika haya nikiwa mzee, nimekwisha kuandika taarifa za mikutano na za ajali na za mavuno, na najua kwamba jambo lile lilihitaji sentensi moja. Nilipanda kweli. Nilisimama uani, akaletwa, na tukazungumza habari za mvua.

Niliporudi Mbeya niliacha kupita barazani kwa fundi. Alimtuma karani mwenzangu aniulize mchezo umefikia wapi. Nikamtumia jibu kwamba umekwisha, ikawa ni uongo wa pili kwa sababu ya ule wa kwanza. Jibu la Lukasi lilipofika Ijumaa nililiweka mezani, nikakalia mikono, nikatazama peke yangu. Nafasi yangu ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuwa nayo maishani. Nilipaswa kumsogeza tembo mmoja hatua moja na kungoja. Lakini ngamia wake alikuwa amefunguka kule mbali, na kadiri nilivyomtazama ndivyo alivyozidi kukaribia. Nataka hili lieleweke, maana baadaye nilijaribu kujisifu kwalo: sikumpa ushindi kwa hiari. Niliogopa tu. Niliandika: "Mfalme anaruka, rafu 7, kisanduku 7," nikampa Saidi.

Hatua tatu baadaye niliona alichokuwa akikitunza fundi. Nilipoachwa bila ruko, Lukasi alinizunguka, askari wake mmoja akatembea moja moja hadi mwisho wa ubao, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimefungwa. Lakini jibu lake la wiki ile ya ruko lilikuwa refu kuliko mengine yote. Lilikuwa na hatua, na chini yake: "Leo nimekula maharage yote. Mwambie Saidi tembo wazima."

Alitoka hospitali, kama alivyosema, ingawa pafu moja halikumrudia. Hakurudi Mbeya. Alipata kazi ya karani pale Iringa, akaoa, akajenga Ipogolo karibu na dada yake. Mimi nilihamishiwa Chunya, na katika kuhama huko, kati ya vumbi na masanduku, karatasi zake zote zilipotea, sikuzitunza. Tulitembeleana labda mara nane katika miaka yote hiyo, kwenye harusi na misiba. Kila mara, chakula kikishaondolewa, alileta ubao, wa mbao safari hii, akaanza kupanga kete upande wake. Na kila mara nilimwambia nimesahau kucheza. Mara ya kwanza alibisha. Mara za baadaye alipanga tu upande wake, akakaa nazo kidogo, akazirudisha mfukoni moja moja. Fundi Jivan alifunga baraza lake akaenda kwa watoto wake, sikuwahi kusikia wapi. Ukimwacha yeye, kwa miaka hamsini watu wawili tu duniani ndio walioijua siri ya mchezo ule, na mmoja alidhani mwenzake hajui.

Nilikaa kwenye benchi uani na kuzipanga karatasi kwa mfuatano, kama ninavyopanga kila kitu. Zilikuwa thelathini na nane. Kwenye pembe ya karibu kila moja palikuwa na alama ndogo ya kalamu ya risasi, ya mkono wa Lukasi. Kumi za kwanza zilikuwa na herufi A. Ya kumi na moja, ya ngamia, ilikuwa na alama ya kuuliza. Ya kumi na mbili pia. Kuanzia ya kumi na tatu aliandika J, na J, na J, bila kukosea hata mara moja. Na katikati ya hizo J, kwenye karatasi ya yule askari wa wiki ya homa ya fundi, palikuwa na A moja, imekolezwa mara mbili. Nilizihesabu tena. Hata mimi ningehitaji kufikiri ili nimkumbuke yule askari. Kisha nikaifikia karatasi ya mfalme anayeruka. Hapo hakuweka herufi. Aliandika neno moja kukatiza upana wa karatasi, kwa herufi za mtu aliyelala chali: "Amerudi."

Eda alikuja na kikombe cha chai, akainama juu ya bega langu. Alisema wao tangu utoto walilijua neno hilo, kwa sababu baba yao alikuwa akilifungua kopo mara kwa mara, na waliamua kwamba ni yule dereva wa hadithi zake, labda alipotea njiani na karatasi kisha akaonekana. "Ndiye dereva, baba?" aliniuliza. Nilimwambia ndiyo, ni dereva. Nilikunywa chai yote. Alipochukua kikombe na kufika mlangoni nilimwita, nikamwambia hapana, ni mimi, na nikamweleza kwamba miezi ile fundi ndiye aliyecheza mahali pangu. Ilichukua sentensi moja, kama nilivyojua siku zote. Alinisikiliza vizuri, akasema pole, akaingia ndani na kikombe, na mimi nikabaki na karatasi zangu, nimekwisha kuungama kwa mtu asiyehusika.